Shemeji na Diski ya Kasi

Mimi si mtu wa kununa, lakini shemeji yangu, mume wa dada, amenikera hadi leo nikimwona damu inanichemka.

Dada ni fundi cherehani. Anawashonea wale ambao nguo za dukani zinawakataa: mwenye kibiongo, mwenye bega moja chini, mama aliyekatwa titi. Anampima mtu mara moja tu, mlango umefungwa, kisha anachora kwenye kompyuta mchoro wake wa kukatia. Ukirudi mwakani hakugusi. Nakala haweki pengine, siri za watu hazisambazwi.

Kompyuta yenyewe ina mifumo miwili: ukiiwasha inakuuliza unaingia upande gani. Mmoja wa shemeji, wa kutazamia mpira. Wa pili wa dada na michoro yake. Ilikuwa nzito, unaiwasha unachemsha chai na kuimaliza. Shemeji akanunua SSD, ile diski ya kasi, akajipa ufundi.

"Baba watoto, pande ni mbili," dada akamwambia.

"Mke wangu, utanifundisha kazi?"

Mjuaji! Akahamisha upande wake tu kwenye diski mpya. Kisha akachomeka ya zamani pembeni. Upande wa dada haukusomeka kwenye mfumo wa shemeji, ukatokea ujumbe: tuufute, tuuandae upya? Akaona nafasi ya bure hiyo, akabonyeza ndiyo. Halafu akaijaza filamu. Filamu, jamani!

Asubuhi dada akawasha pale anaposhonea, mimi na mafundi wake wawili tupo. Haikumuuliza kitu, ikaingia moja kwa moja kwenye mpira.

"Umeona inavyoruka?" shemeji akajisifu.

Dada akatafuta weee, wapi. Yule mzee mwenye kibiongo anaozesha binti yake wiki ijayo na suti haijakatwa.

"Si umpime tena?" shemeji akasema. "Kupima ni dakika mbili. Kelele za nini?"

Nilitaka kumrukia. Dada akanishika mkono, akachukua tepu.

"Vua shati."

"Hapa? Mbele za watu?"

Wale mafundi wakaacha cherehani zao. Shemeji ana kovu la moto mgongo mzima, hata kwenye joto kali havui fulana. Akakishika kifungo cha juu kwa mikono miwili.

"Dakika mbili tu, baba watoto."

Hakuvua.

Dada akakunja tepu, akapiga simu kwa mzee, akamwekea shemeji sikioni.

"Basi mwambie wewe, aje avue tena."