Siku Niliyompima Mama Mkwe Macho kwa Kisogo

Jamani, habari hii nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa Zahara mke wangu ameshawasimulia nusu yake, tena ile nusu mbaya, afadhali niimalize mwenyewe kabla haijaota mkia. Mimi Sefu, mnayeniona hapa na ndevu zangu za heshima, ndiye mtu pekee kutoka Korogwe mpaka Handeni, na sijui kama yuko mwingine popote, aliyempima mgonjwa macho huku amempa mgongo. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu. Chekeni tu, nimeshazoea.

Enzi hizo za Wadachi nilikuwa msaidizi wa bwana mganga, ndivyo tulivyomwita daktari wao, pale kwenye nyumba ya mabati karibu na stesheni ya Korogwe. Nilikuwa nimejifunza kusoma na kuandika Tanga, basi nikapewa koti jeupe lenye vifungo vya shaba, na tangu siku ile nikawa sisalimii watu ovyo (Zahara anasema nilianza hata kukohoa Kidachi). Bwana mganga alikuwa mtu mwema ila akili yake yote ilikuwa kwenye macho ya watu. Wazee walishuka kutoka Mpale wakishikishwa fimbo, wengine walitoka Mkumbara, na yeye anawatoa mtoto wa jicho kwa kisu chembamba kama jani la nyasi, halafu anaandika kila kitu kwenye kitabu kikubwa.

Kitabu kile kilikuwa na jambo moja tu la kutafuta. Wagonjwa wa upande mmoja aliwalaza chali siku kumi, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa wasigeuke, kama wafanyavyo kwao. Wa upande wa pili aliwafunga kitambaa, akawalaza siku mbili, kisha akawarudisha nyumbani, kwa sababu watu wetu walikuwa hawakubali kulala siku kumi wakati ndege wanamaliza mtama shambani. Alitaka kujua ni nani watakaoona vizuri zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata hao wa nyumbani, kuwafungua kitambaa, kuwanyooshea vidole, kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka washindwe kuvihesabu, na kuandika hatua ngapi. Mkubwa wake wa Tanga alikuwa hataki kabisa mambo hayo, alisema ni kuharibu macho ya watu, na alikuwa anakuja mwenyewe kukiona kitabu.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa haoni mwaka wa tatu, macho yote mawili. Alikaa ng'ambo ya mto, upande wa Handeni, na wifi yake, yaani shangazi yake Zahara, Bi Mwanaisha, mama mwenye mdomo usiojua kupumzika. Kwetu Wazigua mnajua, mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona njiani unaingia porini. Mpaka umpelekee kitu cha kuondolea haya, kitambaa, jembe, hata kuku, ndipo mnaweza kuonana. Mimi sikuwa nimempelekea kitu. Nilijiambia, mtu haoni, haya ya nini, na kuku wa haya nikamla mwenyewe (Mungu anisamehe). Lakini kumtazama usoni nisingethubutu, hata asipoona.

Akaja kukatwa jicho. Zahara ndiye aliyemshawishi, kwa sababu tulikuwa na mtoto wa kwanza, ana mwaka, na bibi yake alikuwa anamjua kwa kumpapasa tu. Kila tukimpeleka anampapasa masikio, anampapasa pua, anauliza amefanana na nani, na kila mtu anamjibu lake. Bwana mganga akasema atakata la kulia kwanza, likipona atakata na la kushoto, lisipopona basi, hatamgusa tena. Hapo ndipo ningesema neno moja tu, bwana, huyu ni mkwe wangu, mtume mwingine, na habari ingeishia hapo. Sikusema. Niliona ataniona mshamba, mimi na vifungo vyangu vya shaba. Siku ya kukata nikajitia kuumwa tumbo, na siku ya kumruhusu nilitafsiri nikiwa nyuma ya mkeka uliotundikwa, nikasema nazuia upepo. Bwana mganga akamwambia hivi, na mimi nikayasema kwa Kizigua kwa sauti yangu mwenyewe: kitambaa hiki asikifungue mtu yeyote, hata binti yako, ila mtu wangu huyu, siku ya tano.

Siku ya tano nikamtuma Zahara. Nikamwambia mfungue wewe, mimi nitakuja siku ya saba kupima. Zahara akaenda, mama yake akakataa katakata, akasema ameambiwa mkono wa nani na atausubiri mkono huo. Basi Zahara akaona si neno, maadamu mume wangu anakuja keshokutwa atamfungua mwenyewe, akarudi na mtoto wake wala hakunieleza, na mimi sikuuliza. Yeye alijua nitafungua mimi, mimi nilijua amefungua yeye. Ndoa zote zina mambo hayo, ila za wengine haziingii kwenye kitabu cha serikali.

Siku ya saba nikafika. Mama mkwe alikuwa uani nyuma ya ua wa mabua, na Bi Mwanaisha pembeni yake. Nikapiga hodi, nikageuka, nikatia kisogo kwenye ua, nikanyoosha mkono juu ya mabua kwa nyuma, hivi, kama mtu anayejikuna bega. Vingapi? Kimya kidogo, halafu nasikia sauti ya mama mkwe, ya haya, vitatu. Sawasawa. Nikaenda mbele hatua tano, nikanyoosha tena. Viwili. Sawasawa. Nikafika kwenye mti wa mpapai, hatua ishirini nzima, nikanyoosha mkono wote. Vitano. Nikafurahi mpaka nikatamani kugeuka, nikajizuia. Katika kitabu kizima hakuna aliyefika hatua ishirini, wala waliolala na mifuko ya mchanga. Nikaandika kwa herufi nzuri, nikapiga na mstari chini yake.

Kumbe nyuma ya ule ua mama amefungwa kitambaa vilevile, na Bi Mwanaisha anamnong'oneza majibu. Nilipomuuliza baadaye alisema aliona ni mtihani wangu mimi, na kwamba jamaa wakishindwa nitaaibika mbele ya Mdachi, basi wakanisaidia. Na mama mkwe, kwa haya, angemwambiaje mkwewe njoo unishike uso? Alidhani ndiyo desturi ya Wadachi, mtu anajibu kwanza, kuona kunafuata.

Bwana mganga alipoziona hatua ishirini alinishika mkono kama nimezaa mapacha. Wiki mbili zikapita, huyo mkubwa akashuka kwenye gari moshi kutoka Tanga, mrefu, masharubu yamesimama, na jambo la kwanza alilotaka kuliona ni huyo mama wa hatua ishirini. Zahara alikuwa ameshatumwa kumleta. Watu walijaa barazani, wagonjwa, akida na watu wake, wanawake wa sokoni na vikapu vyao, na mama mkwe akaingia akishikwa mkono na Zahara, ushungi umeshushwa mpaka kidevuni tangu alipotoka nyumbani. Nilimwona kwa pembe ya jicho tu nikasema moyoni, mama wa watu ana adabu, ananionea haya. Nikageuka nikatazama ukuta. Yule mkubwa akauliza kwa nini mkalimani anaongea na ukuta.

Wakaanza. Bi Mwanaisha alikuwa ameshajisogeza mpaka sikioni mwa wifi yake, yule mkubwa akaona, akaamuru asogezwe kule mbali kwenye nguzo. Nikaambiwa niulize vidole vingapi. Nikauuliza ukuta, nao watu wakasikia mama mkwe akijibu kwa upole, pasipo kupumzika, "Vitatu, viwili, vitano." Yote matatu kwa mpigo, kama nilivyompima mimi. Na yule mkubwa alikuwa bado hajanyoosha kidole hata kimoja, alikuwa anatafuta leso mfukoni.

Nikageuka. Bwana mganga alikuwa ameufunua ushungi mwenyewe, na hapo nikakiona kile kitambaa, kilekile, fundo lilelile alilolifunga yeye, kimeingia vumbi la shamba na moshi wa jiko, kimekuwa rangi ya ugali wa mtama. Yule mkubwa akaanza kucheka, si cheko la furaha, akaongea Kidachi kingi ambacho sikukielewa chote ila nilielewa neno la kufunga, la kitabu kufungwa na kazi ya macho kufungwa. Bwana mganga wangu alikuwa amekuwa mweupe kuliko koti langu. Aliniuliza kwa sauti ndogo sana, "Sefu, ulitazama?"

Nikasema sikutazama, bwana. Akauliza kwa nini. Nikasema ni mama mkwe wangu. Kule nyuma wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele vya kejeli, na akida akasema hapo hapo, mbele ya watu, kwamba mimi ni wa kupigwa hamsa ishirini, na mnajua viboko vile havikuwa vya mzaha. Lakini nisiwadanganye, nililoogopa zaidi lilikuwa lile jicho. Wiki tatu limefungwa gizani kwa sababu ya kuku mmoja niliyemla. Kama limeoza mle ndani, mama huyu hatamwona mjukuu wake mpaka anaingia kaburini, na nitakuwa nimemfanyia hivyo mimi, si mtoto wa jicho.

Bwana mganga akanyoosha mkono afungue. Mama mkwe akarudisha kichwa nyuma. Alisema neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema: "Uliniambia mkono wa mtu wako. Nimeusubiri siku zote hizi. Na aje."

Nikaenda. Mita chache zile zilikuwa ndefu kuliko njia ya Handeni. Nilipofika mbele yake nikakumbuka sina kitu cha kuondolea haya, wala kitambaa, wala jembe, na mfukoni mna kipande cha penseli. Basi nikavua koti la serikali, na vifungo vyake vyote vya shaba, nikalikunja, nikaliweka miguuni pake, nikabaki kifua wazi mbele ya Wadachi wawili, akida na soko zima. (Ndani sikuwa na shati. Zahara alikuwa amelifua asubuhi ile. Naye anakumbuka jambo hilo kuliko yote.) Mama mkwe akainama, akalipapasa lile koti, akagusa kifungo kimoja kimoja, akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikalifungua lile fundo. Bwana mganga alinishika kiwiko.

Kitambaa kikaanguka. Jicho lilikuwa limefumba, kope zimegandamana. Bwana mganga akaliosha kwa maji ya dawa, polepole. Likafumbuka. Jeusi, safi, linang'aa, limejaa machozi ya mwanga. Bwana mganga akamshikia mbele yake kioo kimoja kinene cha miwani, maana jicho lililokatwa halioni sawasawa pasipo kioo, na mama mkwe akanitazama, kwanza usoni, halafu akashuka mpaka miguuni, halafu akapanda tena. Mimi hapo nalia kama mtoto. Akamgeukia Zahara akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Mshenga alituambia ni mtu mrefu."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Na yule mkubwa wa Tanga akauliza, amesema nini? Na mkalimani ni nani? Mimi. Nikasema, bwana, anasema anaona vizuri. Akida, ambaye alijua Kidachi kidogo, akasema hapana, hakusema hivyo, na ikabidi niyatafsiri kwa ukamilifu, neno kwa neno, na kuonyesha kwa mkono nilitajwa urefu gani. Yule mkubwa akanipima kwa macho, masharubu yakatikisika, akacheka, safari hii cheko lenyewe. Akamsogezea bwana mganga kalamu.

Hatua kumi na nne. Ndizo alizofika mama mkwe, nikinyoosha vidole nimemwelekea, kifua wazi. Bwana mganga akafuta ishirini zangu akaandika kumi na nne, na bado kitabu hakikufungwa. Zahara akamshusha mtoto mgongoni akampa bibi yake. Mama mkwe akamweka karibu na kile kioo, akamtazama muda mrefu sana, mtoto anamvuta pua, halafu akasema, "Masikio ni ya baba yake, maskini," akambana kifuani, na yeye ndipo alipolia.

Kuhusu viboko, ni yeye aliyeniokoa. Akida alipokumbusha, alisema nisipigwe, maana nikiumia mikono nani atamfungua jicho la pili? Lakini sikupona hivi hivi. Bwana mganga alinituma upya kwa kila mtu niliyewahi kumwandika, kijiji kwa kijiji, mlima kwa mlima, niwapime tena, na jamaa zao wote wakae mbali. Miguu ilivimba. Na wazee wawili huko Mpale wakaonekana nao walikuwa wakinong'onezewa majibu na watu wa nyumbani, kwa huruma tu, wasiniudhi.

Tangu hapo nimeapa, sijaandika tena jambo ambalo sijalitazama kwa macho yangu, awe mkwe, awe nani, na kuku wa kuondolea haya nampeleka mapema. Jicho la pili lilikatwa baada ya mavuno, nami ndiye niliyelifungua, siku ya tano, si ya sita. Koti hakunirudishia. Alilivaa shambani akifukuza ndege, na vifungo vinamulika mpaka ng'ambo ya mto. Na kila nilipopita njia ile alisimama kwenye ua wa mabua, akanyoosha mkono juu, akauliza vingapi, nami ikawa lazima nisimame nijibu mbele ya wapita njia. Siku moja jua likanipiga machoni nikajibu vitatu, na kutoka jikoni nikasikia sauti ya Bi Mwanaisha ikininong'oneza, "Sema vinne, baba, sema vinne."