Kambi Niliyoipiga Kwenye Njia ya Ng'ombe

Nianze kwa kukubali, maana nyote mmeshaiona ile video: mwanamume aliyejaa povu la sabuni, kajifunga leso ya kike yenye maua mekundu, anang'oa vigingi vya hema huku ng'ombe wamesimama wanamngoja amalize, ni mimi. Si ndugu yangu, si mtu tuliyefanana, ni mimi Komora mwenyewe, na kwa kuwa kila anayeisambaza anatia chumvi yake (eti nililia; sikulia, sabuni iliniingia machoni), acheni niwasimulie kwa mdomo wangu.

Kwanza mumjue mnayemcheka. Nimezaliwa Garsen, nikasomea diploma ya utalii Mombasa kwa jasho langu, mchana chuoni, jioni naosha sufuria hotelini, kisha nikaenda Qatar nikafanya kazi miaka tisa kwenye kambi ya watalii jangwani, nikaanza kama mbeba mizigo na nikaondoka nikiwa msimamizi wa mahema yote. Hema nikilisimamisha mimi, upepo wa jangwani unalizunguka na kwenda zake. Niliporudi sikurudi na hadithi tupu kama wengine (majina siyataji, wanajijua), nilirudi na mahema, vitanda vya kukunja, taa za sola na van yangu mwenyewe, na wazo ambalo sikuona mtu wa Tana aliyelifikiria kabla yangu: safari ya barabara ya siku nne, unatoka Malindi, unalala kando ya mto karibu na Minjila, kesho yake msitu wa Witu, halafu ufuoni Kipini pale Tana inapoingia baharini. Miezi miwili nilikaa na ramani. Ratiba niliichapa kwa rangi, nikaitia plastiki isilowe, na humo niliandika hadi dakika za kunywa chai.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa walimu watano kutoka Malindi, wakiongozwa na Madam Kadzo, mwenyekiti wa kikundi chao, mama mtulivu anayekutazama kana kwamba anasahihisha mtihani wako. Hao watano walikuja kuonja tu. Wakirudi wameridhika, kikundi kizima cha walimu kingesafiri nami likizo ya Agosti, nami ningekuwa kiongozi wa msafara mwenye jina kuanzia Malindi hadi Kipini. Wasiporidhika, mahema yangu yangekwenda kulala kwa mama nyuma ya magunia ya mchele. Katikati hapakuwa na kitu.

Tuliingia Garsen saa tisa na nusu, sawasawa na ratiba (hilo nalo lisisahauliwe), simu ikalia. Alikuwa mjomba wangu Buya, kaka yake mama.

"Komora, nasikia gari lako limepita sokoni. Wageni wanalala wapi leo?"

"Kando ya mto, mjomba. Huku Minjila."

"Mto ni mrefu. Kando ya mto wapi? Pita nyumbani kwanza unieleze."

Nyumba yake ilikuwa dakika tano tu kutoka barabarani. Lakini mjomba namjua, angetoa viti, angeita majirani, angewaeleza walimu jinsi nilivyokuwa nakimbizwa na jogoo nikiwa mdogo, na kwenye ratiba yangu hapakuwa na nafasi ya jogoo.

"Mjomba, hilo niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Haya, bwana diploma," akasema, akakata.

Basi ni hapo. Mengine yote yaliyofuata yalitoka kwenye hizo dakika tano nilizozikataa.

Mahali penyewe nilikuwa nimepachagua kwenye ramani ya simu nikiwa bado Malindi, na tulipofika walimu walishuka wakasema "Aaa!" wote kwa pamoja. Kushoto shamba la mahindi, kulia migomba, na katikati uwanja mpana wa nyasi fupi kama zilizonyolewa na kinyozi, unateremka taratibu mpaka majini. Nikaona hapa ndipo pa kuionyesha elimu yangu. Nikawaeleza kwamba zamani pale palikuwa malka, yaani njia ambayo sisi Wapokomo tunawaachia Waorma katikati ya mashamba yetu ili ng'ombe wao wafike mtoni kunywa, ila hii ilifungwa nikiwa darasa la sita, mto uliposogea baada ya mafuriko. "Leo ni uwanja tu," nikasema. Madam Kadzo akaandika kwenye daftari lake. Nikavimba.

Mwalimu Ngala, kijana wa hisabati asiye na breki mdomoni, akainua mguu. "Komora, na hii samadi je?"

"Ya zamani hiyo."

"Mbona imenishika kiatu?"

"Umande, mwalimu."

(Saa kumi jioni, jua linachoma. Umande!)

Nikawaambia waokote iliyokauka tuichome kufukuza mbu, wakaokota na kunisifu kwa ujuzi wa asili. Mahema nikayapanga nusu duara, nikapigilia vile vigingi vyangu vya Qatar, virefu kama mkono wa mtu, vinaingia ardhini vyote. Halafu, kwa kuwa sipendi kazi nusunusu, nikavuta kamba kutoka ua wa shamba la mahindi hadi kwenye migomba, upande hadi upande, nikatundika bendera ndogondogo za rangi. Nyuma ya kamba, kwa kuwa mtoni kuna mamba na siwezi kumpeleka mwalimu akaogee mbele ya mamba, nikajenga bafu la turubai lenye ndoo juu. Tulikula samaki, tukalala salama, na asubuhi nikawaandalia chai yenye tangawizi. Madam Kadzo akaniambia, "Komora, umejipanga." Maneno mawili. Nikaenda kuoga nikiimba.

Nimejipaka povu kuanzia kichwani mpaka miguuni, nikasikia kengele za mbao, kokoro kokoro, na vumbi likaanza kunukia. Ngala akapaza sauti, "Komora, kuna ng'ombe!"

"Wanapita mbali!" nikajibu, nimefumba macho.

"Hawa hawapiti mbali!"

"Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa hapa!"

Sikumaliza kujisifu. Wale wa mbele walikuwa wameshanusa maji, na ng'ombe mwenye kiu akinusa maji hana habari na bendera. Kamba ikakatika kama uzi, mahema mawili yakalala chini, walimu wakakimbilia kwenye migomba na vikombe mkononi, na fahali mmoja mweupe mwenye nundu kama gunia akapitisha kichwa kwenye bafu langu, tukatazamana, akaondoka nalo. Lote. Alishuka mtoni amelivaa mabegani kama joho, mimi nimebaki nimesimama katikati ya uwanja na kaptura ya kuogelea, mweupe kama nimepakwa chokaa. Mmoja wa walimu akanirushia leso yake. Nikajifunga.

Wachungaji wakawahi kuwazuia waliobaki kwa fimbo, maana wangevunjika miguu kwenye zile kamba za mahema. Mbele yao alikuwepo mzee mrefu, Mworma, aliyejitambulisha baadaye kuwa Mzee Godana. Hakupiga kelele. Alitazama kamba, akatazama vigingi, akanitazama mimi.

"Nani amefunga malka?"

Hamkuzaliwa huku nyinyi, hamjui uzito wa swali hilo. Malka ikifungwa watu hugombana, na wamewahi kugombana vibaya. Na wakulima nao walikuwa wameshaanza kutoka mashambani, simu juu, mmoja anamwita mwenzake, "Njoo uone, kuna mtu ameziba malka, tena hana nguo!"

"Mzee, hii si ilifungwa zamani?" nikasema.

"Ng'ombe hii leo ni siku ya tatu haijakunywa," akajibu. "Wewe unaniambia zamani?"

Pikipiki ikasimama. Nilijua ni nani hata kabla sijafuta povu. Mjomba Buya akashuka, akampa Mzee Godana mkono, wakajuliana hali taratibu, ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, kana kwamba mimi sipo.

"Buya, huyu ni wenu?"

Mjomba akanitazama kuanzia povu hadi leso. "Ni wangu. Mtoto wa dada yangu. Ana diploma."

"Diploma ya nini?"

"Ya kuonyesha watu njia."

Jamani, pande mbili za malka zilicheka pamoja, mahindi na migomba, fimbo na majembe. Hata Mzee Godana meno yalimtoka. "Basi aionyeshe ng'ombe yangu njia," akasema.

Mjomba akanisogelea, akashusha sauti. "Ilifungwa, ndiyo. Tukaifungua ukiwa Qatar. Tumekaa vikao na hawa mpaka tukapatana, na mimi ni mmoja wa waliotia sahihi. Jana nilikuuliza wapi."

Nikapiga magoti nikaanza kung'oa. Vijana wawili walikuja kunisaidia, wakavuta kigingi kimoja mpaka wakaanguka chali, maana vile vina ufundi wake, unazungusha kwanza ndipo unavuta, na fundi wa eneo lile alikuwa mmoja tu, amevaa leso. Nikang'oa kimoja baada ya kingine, na nyuma yangu ng'ombe wanalia. Vicheko niliweza kuvivumilia. Kile kilio sikukiweza. Kulikuwa na ndama amejilaza vumbini, ulimi nje, anautazama mto ulio hatua chache tu kutoka kwake, na kati yake na maji kuna kambi yangu nzuri. Hapo mzaha uliniishia. Nilichana vidole, sikusimama mpaka kigingi cha mwisho.

Walipopita na kunywa, nikamwendea Mzee Godana nikamwomba radhi mbele ya watu wote, bila kutaja Qatar hata mara moja. Akanishika bega. "Nenda kajisuuze," akasema. "Sabuni inakauka."

Niliporudi nimevaa suruali, Madam Kadzo alikuwa amesimama na Mzee Godana ukingoni, daftari wazi, anaandika jinsi makundi yanavyopeana zamu ya maji, nani anatangulia, nani anasubiri. Walikaa hapo karibu saa nzima. Mimi nilikunja mahema nikihesabu maisha yangu yaliyobaki. Hatimaye akaja.

"Komora, Agosti tutakuja."

Nikaanza kutabasamu.

"Ila huku Tana atatuongoza Mzee Godana. Tumeshaongea. Yeye ndiye atakayesema tulale wapi."

"Na mimi, Madam?"

"Wewe utaendesha gari, na mahema usimamishe wewe. Hayo unayajua kweli."

"Na bafu uliwekee mlango wa nyuma," akadakia Ngala.

Ndivyo ilivyokuwa. Agosti walikuja gari mbili, mzee wa watu akakaa kiti cha mbele, akanyoosha fimbo kupitia dirishani, hapa, si hapa, sogea kule, nami nikasogea kule. Mahema yangu hayakutikisika hata moja, na yeyote anayebisha aje tushindane. Diploma yangu ni ya kweli na bado iko ukutani. Ila nimeapa: nikiona mahali pazuri Tana, pasafi, patupu, hapana mtu, sitashusha hata kijiko kabla sijauliza wenyewe wanarudi lini.