Siku kliniki ya watoto ilihamia hoteli ya Chairman

Salaam aleikum wakuu, na nyinyi wa "habari zenu", pia habari zenu.

Mimi ni nyanya wa wajukuu tisa na natype na kidole kimoja, kwa hivyo makosa ya spelling mniachie. Lakini haya mambo niliyaona mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Pale nimesahau nitasema nimesahau.

Juzi kijana mmoja hapa aliandika eti wazazi wetu huku kaskazini walikuwa wanyamavu tu, serikali ikileta dawa sawa, isipoleta sawa. Nilicheka mpaka nikaweka chai chini.

Wacha niwape ya friji.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya themanini. Mimi ni mzaliwa wa Isiolo mjini. Babu yangu aliletwa na jeshi la mkoloni akabaki, na sisi tukawa watu wa maduka na malori. Nikaolewa na dereva wa lori la mifugo, tukahamia senta moja ndogo kwa barabara ya kwenda Garbatulla. Jina la senta nalificha, kwa sababu wajukuu wa mtu nitakayemtaja ni marafiki zangu na wengine wako hapa hapa wanasoma.

Senta yenyewe ilikuwa maduka machache, msikiti, kisima, na dispensari ya mabati yenye dresa mmoja, kijana wa Meru anaitwa Mutwiri. Dresa ni yule wa kufunga vidonda na kudunga sindano. Sisi tulimwita Dokta, na yeye hakukataa.

Jirani yangu alikuwa Mama Guyo, mama Mborana mrefu, hana maneno mengi. Mwaka kabla sijafika, ukambi ulipita hapo ukamchukulia msichana wake wa miaka miwili. Hakuwa anaongea juu yake. Lakini akisikia mtoto wa mtu yeyote anakohoa, alikuwa anaacha hata maziwa kwa moto.

Na shida haikuwa kwamba chanjo haipo. Chanjo ilikuwa inatoka Isiolo kwa kasha la barafu juu ya malori ya kusimama kila mahali, na barabara mnaijua. Ikifika kwetu barafu imekuwa maji ya kuoga. Mutwiri anaenda nyuma ya dispensari, anaimwaga kwa shimo, anarudi kutuambia pole.

Akaandika barua. Akaandika tena. Ya tatu nafikiri aliandika kwa hasira, maana ilijibiwa.

Wakuu, serikali ikaleta friji!

Nyeupe, mpya, inatumia mafuta taa. Chini ina kimoto kidogo cha bluu, na juu ya huo moto kuna baridi. Hebu mweleze mtu wa ngamia kwamba moto unatengeneza barafu. Wazee walikuja kuangalia kama watu wa kutazama mwezi. Pamoja na friji tukaletewa pipa la mafuta taa, na ahadi kwamba lingine litakuja hilo likiisha. Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatoroka.

Friji ilikaa dispensari wiki mbili. Labda tatu, hapo nimesahau.

Ndio akaja Chairman.

Chairman alikuwa mkubwa wa kamati ya dispensari, na alikuwa na hoteli, ile pekee ya senta. Mtu mnene, mcheshi, anajua majina ya watoto wako wote. Alisema mlango wa dispensari hauna kufuli ya maana na mali ya serikali inaweza kuibiwa. Ataiweka mahali salama.

Mahali salama ilikuwa hoteli yake, kando ya dirisha, ikiwa imejaa soda.

Sasa hapa nataka niwe mkweli, si niliwaahidi? Nilikunywa. Mzee wangu alinipeleka akaninunulia soda ya machungwa, baridi mpaka meno yanauma, kwa lile jua. Ilikuwa tamu kuliko harusi yangu. Senta yote ilikunywa. Madereva walianza kusimama kwetu badala ya kwenda moja kwa moja Isiolo, na tukaona tumekuwa mji.

Kwa hivyo msifikiri Chairman alituibia usiku na bunduki. Alituibia mchana, na sisi tukamwambia asante.

Msichana wangu Amina akafika miezi tisa. Hiyo ndiyo ya chanjo ya ukambi. Nikambeba mpaka dispensari na kadi yake.

Mutwiri akaangalia kadi, akaangalia ukuta.

"Mama Amina, chanjo inataka baridi."

"Si tuliletewa friji?"

"Baridi iko kwa Chairman," akasema. "Nimemwomba mara mbili. Ameniambia nichunge transfer. Ameniuliza kama najua Mandera, kule mwisho wa Kenya, iko wapi."

Niliondoka na mtoto wangu na ile soda ikaanza kunirudia kooni, ingawa nilikuwa nimeinywa zamani.

Nikapitia hotelini. Sikuketi. Nilienda tu kando ya ile friji nikaivuta kalenda iliyokuwa imebandikwa kwa mlango wake. Chini yake kulikuwa na karatasi ya serikali imebandikwa kwa gundi, kwa Kiingereza. Mimi nilifika darasa la saba, kwa hivyo nilisoma. Ilisema hii ni mali ya serikali, ni ya chanjo ya watoto peke yake, usiweke chakula wala kinywaji.

Nikarudisha kalenda pole pole.

Kisimani nikamwambia Mama Guyo. Alikuwa anajaza mtungi. Akamaliza kuujaza, kisha akauliza, kwa ule Uswahili wake wa kuchagua neno moja moja:

"Serikali ilileta friji kwa sababu ya kliniki?"

"Ndio."

"Na friji iko kwa hoteli?"

"Ndio."

"Basi kliniki iko kwa hoteli. Sisi ndio tunapotea njia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa serious kabisa. Alibeba mtungi wake akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Siku ya kliniki ilikuwa Alhamisi. Alhamisi hiyo asubuhi, badala ya kwenda dispensari, kina mama tukaenda hoteli. Sikuhesabu, lakini viti vilikwisha na benchi zikaisha. Waborana, Waturkana wa karibu na kisima, Wasomali wa maduka, kila mtu na mtoto na kadi. Tukasalimia vizuri. Tukaketi.

Mzee wangu alikuwa hapo anakunywa chai na madereva wenzake. Aliponiona aliinua gazeti, na wakuu, yule mtu hakujua kusoma.

Chairman akatoka jikoni anatabasamu. "Karibuni, karibuni! Nani ameoa?"

Mama Guyo akanyoosha kadi. "Tumekuja kliniki."

"Kliniki iko kule, mama."

"Kule hakuna friji."

Akacheka. Sisi hatukucheka, kwa hivyo kicheko chake kikazunguka peke yake kikarudi. Akasema tutamharibia biashara. Mama mmoja akamwambia asijali, tutangoja. Watoto wakaanza kulia. Mmoja akakojoa chini ya meza ya madereva. Chairman akaleta chai ya bure, tukasema alhamdulillahi, tukanywa, tukaendelea kuketi.

Halafu Mama Guyo akaniambia nikamwite Dokta, na aje na mizani.

Nilikimbia nikicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Mutwiri aliweka mikono kichwani. "Mnataka kuniua?" Nikamwambia, Dokta, wagonjwa wako wote wako pale, wewe unangoja nani hapa? Akafikiria kidogo. Akatoa mizani ukutani.

Mnaijua ile mizani ya kuning'inia, yenye kisuruali cha kutia mtoto? Aliifunga kwa boriti ya hoteli, juu kabisa ya meza ya keki. Amina wangu ndiye alikuwa wa kwanza kupimwa. Alining'inia hapo anapiga miguu, anacheka, na dereva mmoja akapiga makofi. Kila mtoto akipimwa, madereva wanashangilia uzito kama goli la mpira.

Sasa sikieni Mungu anavyopanga.

Hatukujua kama kuna mtu anakuja. Wallahi. Lakini saa nne hivi Land Rover ya serikali ikasimama nje. Ni afisa wa afya kutoka Isiolo, anapeleka chanjo Garbatulla, na akitoka Isiolo lazima anywe chai mahali. Hoteli ni moja.

Akaingia. Akasimama mlangoni na vumbi lake. Akaangalia mtoto anayening'inia juu ya keki.

"Hii ni nini?"

"Hii ni kliniki," Mama Guyo akasema. "Karibu."

Afisa akageukia friji. Akaijua mara moja, maana ni yeye aliyeisainia wakati inatoka. Akaifungua mbele yetu wote. Soda juu, soda chini, mguu wa mbuzi, na bakuli la maini limefunikwa na sahani.

Akatoa faili kwa mkoba wake. Alikuwa na ripoti za kila mwezi kutoka kwetu, zimesainiwa na Chairman na dresa, kwamba friji inafanya kazi vizuri na mafuta yanatumika.

"Nani aliandika hii?"

Mimi niliogopa, kwa sababu hapo Mutwiri angepoteza kazi. Akasimama, kalamu bado iko mkononi.

"Ni mimi, bwana. Nilisaini nikiogopa. Niliandika friji inafanya kazi. Sikuandika inafanya kazi gani."

Dereva mmoja aliitema chai yake mbele. Afisa aliuma midomo, akageuka dirishani, na mabega yake yakatetemeka kidogo. Lakini aliporudi uso ulikuwa wa kazi.

Chairman akaanza. Oh, ni usalama. Oh, alikuwa anaihifadhi tu. Oh, soda ni za wageni wa serikali.

"Mimi ndiye mgeni wa serikali," afisa akasema. "Na leo sitaki soda. Nataka sufuria safi."

Sufuria ya nini? Ya sindano, wakuu! Siku hizo sindano zilikuwa zinachemshwa na kutumika tena. Kasha lake la chanjo bado lilikuwa na barafu, maana Land Rover haikusimama njiani kama malori, na tulikuwa karibu na mji kuliko Garbatulla. Sindano zikachemshiwa jikoni kwa Chairman, kwa sufuria yake ya mayai, kwa kuni zake. Mutwiri akapangusa meza na spiriti. Watoto wetu wakadungwa hapo hapo, mmoja mmoja, mizani ikiwa bado inabembea.

Amina alilia kwa sauti yake yote. Mimi pia nililia, na nilikuwa nacheka, na sijui ni gani ilianza.

Mchana tukahamisha friji. Afisa alisema ibebwe ikisimama, isilazwe, na ikifika ikae saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Wanaume wanne wakaibeba, mzee wangu mmoja wao, amekunja gazeti mfukoni. Sisi nyuma na vigelegele. Soda tuliziacha zimepangwa juu ya meza, moja moja, zikipata joto.

Msitarajie niwaambie Chairman alifungwa. Hakufungwa. Aliulizwa pipa la mafuta lilienda wapi, akaandika maelezo, na kwa baraza la mwezi huo watu wakamtoa kwa kamati. Alibaki na hoteli yake na tuliendelea kununua mandazi kwake, maana alikuwa anajua kupika. Mutwiri aliandikiwa barua kali na akabaki. Mandera hakuiona.

Kwa kamati akaingia Mama Guyo, mwanamke wa kwanza. Hakujua kusoma. Kila gari la dawa likifika alisimama nyuma yake na kuhesabu maboksi kwa kufunga mafundo kwa kamba, na mimi namsomea karatasi. Mafundo yasipolingana na karatasi, gari haliondoki.

Kiangazi kilichofuata ukambi ulirudi. Tulisikia uko upande wa Ngaremara, halafu Kipsing, halafu karibu na sisi. Nilikuwa nagusa paji la Amina mara kumi kwa siku. Wiki zikapita. Kwetu watoto wawili waliugua, wote wa familia iliyokuwa imehama na ngamia siku za chanjo, na wote walipona.

Jioni moja Mama Guyo alikuja kwangu, akaketi, akanywa chai yote. Halafu akasema, "Umepita." Halafu akacheka. Nilikuwa nimemjua karibu miaka miwili na sikuwa nimewahi kuona meno yake ya nyuma.

Nilichojifunza mimi? Kwamba kitu kikiandikwa jina la mtoto wako, ni haki yako kukiulizia. Hatukumtukana mtu. Hatukurusha jiwe. Tulienda tu mahali kitu kilipokuwa, tukaketi mbele yake mchana, na kadi zetu mkononi. Na ya pili, ambayo inaniuma bado: mwizi wa mali ya umma anaanza kwa kukugawia kidogo. Ukiona inakuwa tamu, uliza imetoka wapi.

Sasa zamu yenu. Kwa dispensari ya kwenu ni nini kililetwa na kikapotea? Jenereta? Magodoro? Andikeni hapa chini. Jina la mtu msiweke, jina la kitu linatosha.

Na wewe unayesoma hii huku kile kitu kiko sebuleni kwako, kirudishe tu, mchana, watu wakiona. Tutakupigia vigelegele.