Mama Ustawi Anakuja

Kuumaliza mpira wa watoto katika mtaa ule hakukuhitaji filimbi wala jua kuzama. Ilitosha Mama Ustawi atokeze kwenye kona na mkoba wake mweusi. Mpira ungeachwa ukibingirika wenyewe, ndala zilizowekwa magoli zingebaki pale pale, na watoto wangetoweka kana kwamba ardhi imewameza. Mama wa watu angeuokota mpira, aufute vumbi, auweke vizuri kando ya ukuta, kisha aendelee na safari yake ya kwenda kuwalinda.

Hakuwa zimwi. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mfupi mwenye miguu inayovimba akisimama sana, aliyeanza kazi hiyo kabla kichwa hakijaota mvi. Mkobani alibeba mafaili, chupa ya maji, na pakiti ya biskuti za kuwapa watoto. Hakuna mtoto aliyewahi kuzipokea. Alizila mwenyewe njiani, mpaka daktari akamwambia apunguze sukari.

Hofu hiyo aliipanda kwa mikono yake mwenyewe. Zamani kidogo alizunguka mtaa kwa mtaa akiwaambia wazazi kwamba fimbo haimjengi mtoto. Wazazi wakamsikiliza, jambo lililomshangaza hata yeye. Wakazitupa fimbo, au angalau wakazipandisha juu ya kabati, wakatafuta kitu kingine cha kushika, wakamwona yeye. Tangu siku hiyo mtoto akikataa kuoga, "Namwita Mama Ustawi." Akisusa uji, "Haya, nasikia viatu vyake hapo nje." Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu alikichimba kwa semina, na watu wakampigia makofi.

Hata nyumbani kwake hakupona. Aliishi na mwanawe, mkwe wake, na mjukuu wa miaka minne aliyeitwa Bosi kwa sababu ndiye aliyeamua nani akae kiti gani. Bosi alimpenda Bibi yake kupita kiasi. Alilala kitandani kwa Bibi, alikula kwenye mapaja ya Bibi, na kitu kimoja tu duniani ndicho kilichomtetemesha.

"Bosi, maliza chakula. Nisije nikamwita Mama Ustawi."

Mtoto angejitupa kifuani kwa Bibi, macho yamemtoka. "Bibi, usimfungulie mlango!"

"Simfungulii," Bibi angejibu, na kumkazia macho mkwe wake.

"Usinune, Mama," mkwe angesema baadaye wakiosha vyombo, hana hata chembe ya aibu. "Ninyi ndio mliotukataza kuchapa. Jina lako linafanya kazi kuliko fimbo, na wala haliachi alama."

Mama Ustawi alicheka siku hiyo. Kicheko hicho kilikuja kumtokea puani.

Kesi yenyewe aliileta mwalimu mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Shuleni kulikuwa na msichana wa miaka tisa ambaye hakuonekana darasani ila kwa bahati. Mara ya mwisho alikuja na alama ya pasi mkononi, ncha na kila kitu, kama mhuri. Mama yake alifariki, baba yake alikwenda kutafuta kazi na bado anaitafuta. Yeye na mdogo wake walilelewa na shangazi yao, fundi cherehani. Mdogo huyo, mwenye miaka sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitumbo, alimwita msichana huyo Dada, na jina likamganda. Hata watu wazima walimwita Dada.

Cha kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba shangazi alishona sare za shule. Nusu ya watoto wa mtaa walikwenda shule wakiwa wamevaa kazi ya nyumba ile, na aliyezipiga pasi sare hizo hakwenda.

Mama Ustawi alikwenda pale mara tatu. Mara zote tatu shangazi alimpokea mlangoni kwa shangwe ya kusikika nyumba ya nne. "Aaa, Mama Ustawi! Mama Ustawi mwenyewe! Karibu, Mama Ustawi!" Kiti kilifutwa, soda ikaletwa. Dada? Ametumwa dukani. Dada? Amekwenda kumsalimia bibi yake. Dada? Hee, mmepishana hapo hapo mlangoni! Mama Ustawi alirudi ofisini akijiambia kwamba hakuna mwanamke mkarimu kama yule, ila ana bahati mbaya na wakati.

Majirani nao walikuwa wa funika kombe mwanaharamu apite. Kelele walizisikia, lakini sare zilishonwa vizuri, na muhula mpya ulikuwa unakaribia.

"Unamfuatia nini nyumbani?" mwalimu alimwambia hatimaye. "Kamtafute bombani asubuhi. Na huo mkoba uuache nyumbani."

Basi Jumamosi moja Mama Ustawi alivaa gauni la kushindia na ndala za mkwe wake, akachukua ndoo, akaenda kupanga foleni kama mtu mwingine yeyote. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, watoto walimpita wakicheza. Mmoja hata alimkanyaga. Alisikia raha ambayo asingeweza kumweleza mtu.

Dada alikuja na ndoo mbili kubwa, na Kitumbo nyuma yake na kikopo. Alikuwa mwembamba, ana haraka ya mama mwenye nyumba. Alimnywesha mdogo wake kwanza, akamfuta kidevu, ndipo akatega ndoo. Mkono ulipoinuka, kulikuwa na alama mbili, si moja.

"Umeungua, mwanangu?"

"Nilianguka."

"Ukaangukia pasi?"

Dada alimtazama. Yule mama alikuwa na ndala zisizomtosha na ndoo iliyovunjika mpini, hakuonekana mtu wa kuleta madhara. "Nikiunguza kola," alisema taratibu, "ananionyesha kola inavyosikia."

Mama Ustawi aliisogeza ndoo yake karibu. "Hakuna mtu wa kumwambia? Nasikia kuna mama mmoja wa ustawi."

Ndoo nusura imponyoke msichana. "Huyo? Shangazi akisema tu 'Mama Ustawi', mimi na Kitumbo tumeshafika uvunguni. Akikupata anakupeleka kwenye nyumba ya wasichana, mdogo wako anampeleka nyumba ya wavulana, mbali, hamwonani tena. Kitumbo halali mpaka apapaswe mgongo. Nani atampapasa?"

"Na kama mngekaa pamoja?"

Dada alifikiri huku maji yakifurika ndoo. "Kama pamoja, ningemwambia kila kitu," alisema. "Lakini usimwambie kwamba nimekwambia."

Mama Ustawi alibeba ndoo yake nyumbani akiwa na hasira ambayo haikujua imwangukie nani. Angependa kusema shangazi ni mwongo. Lakini mwanamke yule aliyekuwa anamuunguza mtoto kwa pasi alikuwa ameieleza idara yao kwa usahihi kuliko mabango yao yote. Kituo cha wasichana kilikuwa upande huu wa mji, cha wavulana upande ule, na mvulana aliyepita miaka mitano hakuruhusiwa kulala kwa wasichana bila kibali cha Mkuu wa idara. Familia za kupokea watoto zilikuwepo; zilifundishwa wiki nzima, zikapewa vyeti, zikavitundika ukutani, na hakuna hata moja iliyokuwa na nafasi. Naye mwenyewe, afisa wa kesi, kanuni ilimkataza kumchukua mtoto wa kesi yake.

Kilichobaki ni kibali. Jumatatu alimfuata Mkuu, mtu mpole, nadhifu, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote wala kulitenda. Ilibidi wazungumzie kwenye korido, kando ya mashine ya kunakilisha, kwa sababu chumba cha kuwasikilizia watoto, kilichochorwa jua na maua ukutani, kilijaa maboksi ya mabango hadi darini. Mabango yaliandikwa: MSIKILIZE MTOTO.

"Ndugu wawili, Mkuu. Wakae pamoja kwa wasichana, mpaka tumpate baba au ndugu mwingine. Mlezi wa kituo amekubali. Inataka sahihi yako tu."

"Umenigusa sana," Mkuu alisema, na huenda ni kweli. "Lakini jambo kama hili halitaki papara. Kesho nasafiri kwenye warsha. Nikirudi, tulikalie."

"Warsha ya nini, Mkuu?"

Mkuu alitabasamu kwa fahari. "Ya kuzuia ndugu kutenganishwa."

Akaondoka na gari la idara, na simu akaizima, kwa kuwa kwenye warsha ni utovu wa adabu simu ikilia.

Mama Ustawi alingoja. Alijua anachongojea na alijua kinachoweza kutokea wakati anangoja, na kila jioni alipompapasa Bosi mgongo mkono wake ulikuwa mzito. Alhamisi asubuhi mwalimu aliingia ofisini bila hodi, mkwaruzo wa sauti umezidi.

"Safari hii ni shingoni," alisema. "Mimi sitoki hapa mpaka utoke na mimi."

Waliomba gari la polisi na askari mmoja wa kike. Wakafika nyumba ya cherehani. Mama Ustawi alibisha hodi, na shangazi, kabla hajamwona askari, akaanza wimbo wake: "Aaa, Mama Ustawi! Karibu, Mama Ustawi!"

Zamu hii Mama Ustawi hakukaa kitini. Alimpita, akaingia chumba cha nyuma, akapiga magoti kwa shida, akainua shuka iliyoning'inia kitandani.

Dada alikuwa ukutani, amemfunika Kitumbo mdomo kwa kiganja. Alipouona uso ule, macho yake yakang'aa.

"Mama wa bombani!" alinong'ona. "Ingia upesi, jifiche! Mama Ustawi yuko mlangoni!"

Akajibana ukutani, akamvuta Kitumbo, akampisha nafasi.

Katika kazi hii Mama Ustawi alishatukanwa, akamwagiwa maji machafu, siku moja akafukuzwa na mbwa. Hakuna kilichowahi kumuumiza kama nafasi ile ndogo aliyosogezewa.

"Mwanangu," alisema, "Mama Ustawi ni mimi."

Dada hakupiga kelele. Aliutoa mkono mdomoni mwa mdogo wake polepole. "Nilikwambia mwenyewe," alisema, kama anayejigombeza. Kisha akauliza, "Tutakuwa pamoja?"

"Nitajaribu."

Dada alikuwa amelelewa na watu wazima. Alijua maana ya nitajaribu.

Huko nje shangazi alikuwa akimweleza askari jinsi alivyowapokea watoto wasio na mbele wala nyuma, na nani atamlipa fadhila. Askari alimwambia atayaeleza vizuri kituoni, akampandisha garini, kiti cha mbele. Majirani walitoka milangoni kutazama, na mmoja akauliza kwa wasiwasi wa kweli ni nani sasa atamaliza zile sare.

Shangazi alishushwa polisi. Daktari aliliosha jeraha, akaandika alichoandika. Kisha kwenye lango la kituo cha wasichana Mama Ustawi alipiga simu ya Mkuu, akapiga tena, akapiga tena. Mlezi wa kituo, mama mwenye huruma aliyewahi kuonywa kwa barua kwa sababu ya huruma hiyo, alitazama chini. "Bila sahihi watanifunga kituo, dada yangu. Nina wasichana arobaini humu."

Kitumbo alibaki garini. Dada alimfunga kifungo cha shati, akampangusa kamasi, akamgeukia dereva, kwa kuwa ndiye mtu mzima pekee pale ambaye bado hakuwa amemwahidi kitu.

"Waambie huko halali mpaka apapaswe mgongo. Chini juu, siyo juu chini."

Dereva akaitikia kwa kichwa. Dada aliuchukua mfuko wake wa plastiki, akampita Mama Ustawi bila kumtazama.

"Shangazi hakudanganya," alisema, na lango likafungwa.

Kitumbo alilia kutoka upande mmoja wa mji hadi wa pili. Mama Ustawi alimpakata, akampapasa chini juu. Biskuti alizompa zilikuwa zile zile za mkobani, na mtoto alizipokea, wa kwanza katika miaka yote, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukataa.

Jioni, alipokuwa akivua viatu sebuleni kwake, ujumbe uliingia kwenye simu. Ni Mkuu. "Nimepata taarifa. Hongera kwa kuwaokoa! Nimewatolea mfano hapa warshani, wamefurahi mno. La kibali tulikalie nikirudi."

Mezani, Bosi alikuwa amesusa chakula.

"Bosi, kula," mkwe alisema. "Nimwite Mama Ustawi?"

Bosi alimkimbilia Bibi kama kawaida, akamkumbatia miguu. "Bibi! Usimfungulie!"

Mama Ustawi alikuwa amechoka kukimbiwa na watoto. Alidhani ukweli, ukisemwa na mtu anayependwa, utamponya mtoto. Alishawahi kufundisha hivyo kwenye semina. Akainama, akamshika mashavu.

"Bosi, sikiliza. Mama Ustawi ni mimi, Bibi yako. Hakuna mwingine."

Mtoto alicheka. Kisha akautazama mkoba mweusi. Akaviangalia viatu. Kicheko kikaisha taratibu, akaiachia miguu ya Bibi, akarudi mezani, akapanda kiti mwenyewe, akala. Alikula hadi punje ya mwisho, akitoa macho juu ya ukingo wa sahani.

"Unaona, Mama?" mkwe alifurahi. "Kamaliza yote!"

Bosi aliteremka, akaenda chumbani bila kuambiwa. Bibi alipomfuata, kitanda kilikuwa kitupu, na mto wake mdogo haukuwepo. Hakuita wala hakuuliza yuko wapi. Kwa mara ya pili siku ile alipiga magoti kwa shida, akainua shuka.

Bosi alikuwa ukutani, ameukumbatia mto. Hakumpisha.

Bibi alijilaza sakafuni hivyo hivyo na nguo zake za kazi, akaingiza kichwa, kisha bega, chaga za kitanda zikamkwaruza mgongo.

"Sogea kidogo, baba," alisema, sauti inamtoka kwa tabu. "Na mimi namkimbia."