Mtani Wangu na Jora za Mama

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofani, Mchafukoge, juu ya duka la cherehani. Tulikuwa watatu, tukiandika programu ya stoo kwa ajili ya mama mmoja anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo. Ndiye aliyekuwa mteja wetu wa kwanza na wa pekee. Akituacha, tunarudisha funguo kwa mwenye nyumba.

Kila mmoja aliandika kwenye nakala yake, kisha kazi zikaunganishwa kuwa programu moja anayoitumia mama. Kabla ya kuunganisha, lazima mwenzako aisome kazi yako na kuandika maoni. Utaratibu mzuri, ila waliouvumbua hawakuwa na watani. Mimi Mzaramo, mwenzangu Mnyamwezi, na utani wetu ni wa kurithi. Akileta kazi, naandika: "Mtumwa wangu, hii umeiandika ukiwa na mzigo kichwani?" Naye kwenye yangu: "Ngoma imeisha ndiyo ukakumbuka kazi?" Mwenzetu wa tatu, dada mmoja mpole, alisoma maoni yetu na kucheka peke yake.

Siku moja mtani alileta mabadiliko ya kuhesabu vitenge kwa doti, ili mama auze na rejareja. Upande wa stoo, niliouandika mimi, ulihesabu kwa jora zima, lenye doti kadhaa ndani yake. Kompyuta hulalamika pale tu watu wawili wanapogusa mstari uleule. Sisi tuligusa kurasa tofauti, ikaridhika. Nikamwandikia: "Ukiunganisha hii, kila jora la mama litahesabiwa doti moja. Utatuua, mtumwa wangu." Akajibu kwa kicheko, akaunganisha.

Kesho yake asubuhi mama akapiga simu. Mteja wake wa Songea alikuwa na mkokoteni mlangoni, na programu inadai stoo haina mzigo wa kutosha, haitoi hati ya kutolea mzigo.

"Wanangu, mnanifukuzia wateja?"

Nikamgeukia mtani. "Si nilikuandikia?"

"Nilijua utani! Wewe lini umeniandikia neno la kweli?"

Nilikasirika sana, hasa kwa sababu alikuwa na haki. Tulipotaka kurudisha programu ya kabla ya mabadiliko hayo, dada akapiga kelele: kazi yake ya risiti ilishawekwa juu ya ile ya mtani, na ingefutika pamoja nayo. Ikabidi tuchomoe mistari ya mtani mmoja mmoja, kama mtu anayetoa miiba ya samaki, huku mama yuko hewani na mteja anaguna nyuma yake. Mwishowe hati ikatoka, mkokoteni ukaondoka.

Mchana mimi na mtani tulienda dukani kwa mama kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nani aliyetaka kuniulia biashara?"

Mimi sikuzunguka. "Ni huyu Mnyamwezi, mama. Nilimwonya, akapuuza."

Mama, aliyeyajua makabila yetu tangu siku ya kwanza, alicheka mpaka akaegemea meza. "Watani nyie! Yaani umeharibu mwenyewe, halafu unamsingizia mwenzako?"

Nikaapa. Akazidi kucheka, akaagiza chai.

"Endeleeni na kazi yangu, wanangu. Ila wewe Mzaramo, usiguse tena kitu mpaka huyu mwenzio akikague."

"Nitamwangalia, mama," mtani akaitikia, kwa adabu kubwa.