Mama ya Bibi Harusi Iko Wapi?

Sharifa wa mtaa wa Kasuku aliuza mchele sokoni, na kama kuna jambo alilolijua vizuri mwanamke yule, ni kwamba mchele mzuri huwekwa juu ya gunia. Mwenye akili zake hupitisha mkono mpaka chini kabla ya kununua. Basi Jamila, binti yake wa pekee, alipochumbiwa na Zuberi wa reli, na watu wakaanza kumwambia aende studio ya Sumaili kwa sababu picha zake zimejaa dirishani, Sharifa alicheka tu. Dirishani ni juu ya gunia, akasema, mimi nataka kuona chini.

Tusimfiche, mama huyu hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Hana dogo. Wenzake sokoni walimtania kwamba hata malaika akija kumchukua, atamwambia kwanza geuka nikuone mgongo. Lakini safari hii alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilimuuma. Siku ya harusi yake mwenyewe ilipigwa picha moja tu, na mama yake hakuwemo. Mama yule alifariki Jamila hajajua kutembea, na kila mwaka uliopita uso wake ulizidi kumpotea Sharifa. Ziko siku alizokaa akiutafuta kichwani, akaukosa, akalia peke yake. Sasa Zuberi alikuwa amepangiwa kazi Kalemie, na baada ya harusi Jamila angemfuata kwa treni. Sharifa alitaka kitu kimoja: mtoto aondoke na uso wa mama yake.

Nacho si kitu chepesi. Katika jamaa zao, siku ya harusi mama wa bibi harusi huwa uani na masufuria. Motokari ikija kumchukua binti, mashangazi ndio wanaopanda naye, mama anabaki mlangoni. Kwa hiyo mpiga picha anayefika pamoja na motokari, kama wengi wanavyopenda kufanya, hamkuti mama. Anapiga bwana harusi, anapiga wakubwa wa Chama tawala waliovaa abakosi, suti zao zisizo na tai, anapiga keki, anakula, anarudi kwake.

Basi Sharifa akawa anapita nyumba za mabinti walioolewa karibuni, akiomba kuona albamu nzima, si picha mbili tatu za kuringia. Alikaa mkekani, akafungua taratibu, na kila nyumba aliuliza swali lile lile.

“Mama ya bibi harusi iko wapi?”

Katika albamu za Sumaili mama hakuwapo. Kulikuwa na maua ya plastiki, kulikuwa na pazia lililochorwa ndege na ngazi, na taa ilikuwa imewapiga mabibi harusi mpaka nyuso zimekuwa nyeupe kama unga. Mmoja alikatwa kichwa. Hata hivyo Sharifa hakutaka kumhukumu mtu kwa maneno ya watu, akaenda kumtazama kazini, kwenye harusi ya jirani. Sumaili alikuwa maridadi, amenyoosha abakosi yake, na taa ya kamera yake iliwaka alasiri nzima. Sharifa akaangalia vidole vyake. Taa inawaka, watu wanatabasamu, naye hasogezi filimu. Alikuwa akiwamulika bure. Sharifa akafunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Aliyempata mwishoni alikuwa Okito, mtu mpole aliyeishi kwa kupiga picha za kadi za Chama, asiye na dirisha wala pazia. Albamu aliiona kwa Albertine, mwalimu, Mkatoliki. Humo mama yake Albertine alikuwa amekaa uani akimenya mbegu za maboga, na binti amepiga magoti karibu yake katika gauni jeupe. Sharifa aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu.

“Alifika saa gani?” akauliza.

“Asubuhi, watu hawajaoga,” Albertine akajibu. “Akabisha hodi ku chumba ya wanamuke, akangojea mpaka wakamuitikia. Na siku aliyotuahidi, njo siku hiyo aliyoleta picha.”

“Alikunywa?”

“Maji.”

Sharifa akamchukua Okito.

Siku ya harusi Okito alifika umande bado uko chini, na Sharifa akasimama ubavuni mwake akimwagiza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa hakuna aliyejua. Mpige shangazi huyu, ametoka Kampene. Wapige wamama wa masufuria, usiwasahau hao. Huyo bibi hasikii, muinamie. Okito alitii, akapiga, akasogeza filimu. Kila alipomgeuzia kamera yeye mwenyewe, Sharifa alimsukuma bega.

“Mimi ngoja kwanza. Piga jamaa ya Zuberi, watasema tumewabagua.”

Kisha honi ikalia barabarani. Mashangazi wakamtoa Jamila amefunikwa, Okito akapanda nao kama alivyoagizwa, na Sharifa akabaki mlangoni.

Jamila alirudi kumwonyesha mama yake albamu siku ya mwisho kabla ya treni. Walikaa chumbani wawili, wakafunua. Zilikuwa picha nzuri, wallahi. Kila mtu alikuwa na uso wake na rangi yake, hata mwanamke aliyefuta jasho kwa mkono wenye unga. Jamila akafika mwisho, akarudi mwanzo, akafunua tena polepole.

“Mama, wewe iko wapi?”

Sharifa akaichukua albamu. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Alikuwa amepita nyumba za watu akiwatafuta mama wasiokuwemo, naye mwenyewe hayumo. Akaiweka albamu kwapani, akaenda kwa Okito ameshiba maneno.

“Mama Sharifa,” Okito akasema alipomaliza kufokewa, akiigusa kamera yake, “nilikugeuzia aparei. Kila mara uliniambia ngoja.”

Sharifa akakaa kwenye kiti cha wateja na machozi yakamtoka, naye hakuyaficha. Watu wa Kasuku wangelipa kuona hilo. Jamila, aliyemfuata mpaka pale, akamuuliza Okito kama filimu iko. Okito akasema imebaki nafasi ya picha moja, ya kadi ya mtu.

“Uitumie kwetu,” Jamila akasema. “Huyo muntu atangoja.”

Wakarudi nyumbani. Jamila akavaa tena nguo za harusi. Sharifa akasema watu watacheka, bibi harusi gani anavaa mara mbili. Wacheke, Jamila akasema, na akakaa chini karibu na mama yake uani, bega kwa bega. Okito akainua kamera.

“Okito, sogea kidogo, jua iko—”

“Mama,” Jamila akamkatiza, “leo mimi njo nimemuita. Wewe nyamaza.”

Sharifa akaitazama kamera, na Okito akapiga.

Okito alikuwa amebaki na karatasi moja nzuri ya kutolea picha. Asubuhi alifika stesheni akiwa ameishika picha kwenye ncha, haijakauka vizuri, akampa Jamila dirishani, kwa kuwa ndiye aliyeiagiza. Zuberi alikuwa akipanga mizigo ndani. Sharifa alisimama chini, kichwa chake hakifiki kwenye dirisha.

“Imetoka muzuri?” akauliza. “Uso haikuwa nyeupe? Hakukata kichwa?”

Jamila aliitazama picha, akamtazama mama yake, akaitazama tena.

“Huyu njo wewe, mama,” akasema. “Njo wewe kabisa.”

Treni ikaanza kutembea. Sharifa akatembea nayo mpaka mwisho wa sakafu ya stesheni, mkono juu, akilia waziwazi, wala hakuomba aonyeshwe picha. Baadaye Okito alileta karatasi mpya kutoka Kisangani, akamwambia anaweza kumtolea na yeye nakala yake. Sharifa alikataa. Ile ni ya mtoto, alisema, mimi ninajua sura yangu. Hajaiona mpaka leo.