Maharage ya Karanga

Hadi leo, karanga zikianza kunukia kikaangoni, mimi hutoka nje.

Siku ile mawese yalikuwa yameisha, na shangazi aliyenilea alikuwa bado gulioni. Nikakaanga karanga, nikazitwanga, nikazitia kwenye maharage badala ya mawese, pamoja na vipande vya dagaa vilivyobaki mfukoni. Rojo likawa zito, nami nikalamba mwiko kwa furaha.

Shangazi aliporudi alionja, kisha akawakataza wanawe kunawa.

“Leo mpishi anakula peke yake.”

Nilikula sufuria nzima wakinitazama, mpaka nikatapika kwenye majivu.

“Endelea,” akasema.

Wakwe zake walipokuja kutoka Rungwe Mpya, harufu ileile ilitoka jikoni, na safari hii mwiko aliushika shangazi. Wageni walikomba bakuli kwa ugali wa muhogo.

“Mapishi haya umejifunzia wapi?” mama mkwe akauliza.

“Nimeyabuni mwenyewe, mama.”

Nilikuwa nimesimama na birika la kuwanawisha. Bibi yule akachovya tonge, akaninyooshea.

Shangazi akaushusha mkono wa mkwewe taratibu, huku akicheka.

“Muache tu, mama. Huyo karanga zinamtapisha.”